Kibati Chenye Jina la Mama

Nikisema ni kweli, namaanisha kweli ya kuapia msahafu, si ile ya kupigia soga barazani. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kilevi sijawahi kukionja. Atakaye kucheka na acheke. Ila jina langu la kuzaliwa usiniulize, na la mama yangu usiniulize kabisa. Ukinisikiliza mpaka mwisho utajua kwa nini.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho kabla hajafunga virago. Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Baba alifariki ningali natambaa, kwa hiyo sina hata sura yake kichwani. Aliyenilea ni mama, kwa kukaanga samaki na kusuka mikeka, na nilipotaka gari akauza minazi yake ili nilipate. Mji mzima ulinijua kwa jina lake. Nikipita, watu walisema huyo ni fulani wa Bi Fulani. Wengine walisema kwa kebehi, ati kijana mzima anaitwa kwa mama. Mimi nilijivunia, na najivunia mpaka leo, asiyependa ameze wembe.

Gari lenyewe lilikuwa lori kuukuu nililonunua Lindi. Namba ya serikali lilikuwa nayo, lakini namba ya serikali ni ya serikali, nani anaijali? Madereva wa pwani ile walikuwa na mtindo wa kufunga kibati cha pili chini yake, wameandika wanachopenda. Huyu jina la mchumba, yule maneno ya kuwakera mahasidi. Nikasema changu kitawafunika wote. Nikaenda kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko la Lindi, Fundi Sefu, mtu wa Kilangala. Nikamwambia aniandikie jina langu, halafu "wa", halafu jina la mama, herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi, nene, zisomeke tangu mbali.

Fundi Sefu akaweka brashi chini.

"Kaka, jina lako na la mama yako? Yote mawili pamoja?"

"Kwani rangi haitoshi?"

"Rangi ipo. Lakini hata mganga huyauliza majina hayo, hayasomi barabarani."

Nikamcheka. Kama wewe si mtu wa pwani, nikueleze alichokuwa anasema. Kwetu, mtu akienda kutazamiwa, au akienda kumtengenezea mwenziwe ubaya, haulizwi jina la baba. Anaulizwa: jina lake nani, na mama yake nani? Baba anaweza kusingiziwa, mama hasingiziwi. Mwenye majina hayo mawili amekushika, ndiyo maana watu wazima hawayataji kwa pamoja mbele ya wasiowajua. Nami nililijua hilo tangu utotoni! Lakini nilikuwa kijana, nina gari, na kijana mwenye gari utamwambia nini?

"Kipige ribiti," nikamwambia, "parafujo sitaki. Wezi wa siku hizi wanakufungua hata meno ukilala."

Akakipiga ribiti pande zote nne. Kilipendeza, wallahi. Nilitoka Lindi mpaka Kivinje napiga honi kama bwana harusi.

Mama alikuwa uani, anapara samaki. Akanawa mikono, akatoka kulitazama gari, akalizunguka huku anapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alipofika mbele akasimama. Herufi za kizungu hakuzijua, alisoma za msahafu tu.

"Pameandikwa nini hapa, mwanangu?"

Nikamsomea. Sikumaliza, alinifumba mdomo kwa kiganja chake, bado kinanuka samaki.

"Umetuanika," akasema. "Umetuanika juani, mimi na wewe. King'oe."

"Mama, ni heshima yako hiyo."

"Heshima yangu iweke moyoni. King'oe sasa hivi."

Patasi sikuwa nayo, na kesho yake nilikuwa na mzigo wa ng'onda, samaki wakavu, wa kuchukua Somanga. Nikamwambia nikirudi nitakiondoa. Akarudi uani kwa samaki wake.

Basi kesho yake nikaondoka Kivinje baada ya adhuhuri, peke yangu, maana utingo wangu aliamka na homa. Kiangazi kilikuwa kimekolea, vumbi linaingia madirishani mpaka unalitafuna. Njia ile siku hizo haikuwa ya lami kama mnavyoiona, ilikuwa mchanga na mashimo, pori kulia na pori kushoto. Nikaenda kitambo bila kuona mtu. Mara nikamwona mwanamume amesimama pembeni, kanzu safi, kofia safi, mikono ameifumbata nyuma. Hakunipungia. Lilipomkaribia gari, akaniita.

Akaniita jina langu na jina la mama. Yote mawili.

Sasa wewe niambie, mtu akikuita hivyo si utadhani ni ndugu wa upande wa mama? Nami nina wajomba wengi Matumbi nisiowajua. Nikaitika, "Naam!" na nikakanyaga breki.

Akaingia. Kiti cha abiria cha lori lile kilikuwa na springi mbovu, hata mtoto akikikalia kinalia. Hakikulia. Nikajiambia ni mlio wa injini umekifunika. Nikamsalimia, akajibu vizuri tu, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Tukaenda. Vumbi likaingia, likatua mikononi mwangu, likatua kitini, likatua hata pale alipokalia, pembeni ya mapaja yake. Kwenye kanzu yake halikutua.

Nikataka kusimamisha gari nijifanye natazama tairi. Akaniita tena, polepole, jina langu na la mama. Ulimi wangu ukasema "Naam" kabla sijauamuru, na mguu wangu wa kulia ukafa. Niamini. Ulikuwa juu ya pedali ya mafuta, ukabaki hapo, nikiutazama kama mguu wa mtu mwingine. Gari halikuongeza mwendo wala halikupunguza.

"Bwana," nikasema, "wewe ni nani?"

"Mimi nimesoma tu," akasema. "Mwenye mali ameandika mwenyewe, kwa herufi nzuri, akaitembeza barabarani. Nimwulize nani tena?"

Akaniita. Nikaitika. Mikono ikagandamana na usukani, vidole havifunguki. Akaniita, nikaitika, shingo ikakakamaa nikawa natazama mbele tu. Hapo ndipo nilipojua kufungwa. Jela ina mlango na ina askari wa kumwomba maji. Mimi mlango ulikuwa hapo ubavuni, dirisha liko wazi, upepo unanipiga usoni, na sikuweza kutoka. Jasho likaniingia machoni nisiweze kulifuta. Nililia, sikufichi. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye lori, namwita mama yangu.

"Usimwite," akasema yule bwana. "Na yeye nimemsoma."

Mikono yangu ikazungusha usukani, si mimi. Tukaiacha njia ya Somanga, tukaingia kichochoro cha magugu nisichokijua, matawi yanakwaruza bodi, kuelekea upande wa mikoko. Akaniambia kwa upole tu, kama mwenyeji anayekukaribisha chakula: "Umebaki ulimi. Tukifika chini kule nitakuita, ukiitika tutakuwa tumefika kwangu." Kila mara nilikuwa nimeitika bila kutaka. Kwa nini mara hiyo isiwe hivyo? Nikajua nimekwisha. Mama atakaa uani anasubiri honi, na hatajua nilipoishia.

Gari likasimama lenyewe penye matope. Yule bwana akanigeukia, akavuta pumzi ya kuniita.

Hapo hapo nikasikia adhana ya alasiri. Mbali, sauti ya mzee, imechoka, inakuja na upepo kutoka Somanga. Na sisi tangu chuo cha Kurani tumefundishwa: muadhini akiadhini, mwache yeyote unayezungumza naye, umwitikie muadhini. Mama alikuwa akinifinya sikio nikisahau. Basi midomo yangu ikashika njia iliyozoea. Muadhini akisema, nami nasema. Yule bwana akaniita. Ulimi wangu ulikuwa na kazi. Akaniita tena kwa ukali, jina langu, jina la mama. Muadhini akafika kwenye kuita watu waje kuswali, nami nikajibu lahaula kwa nguvu zangu zote, mpaka koo likauma.

Kidole kimoja kikaachia usukani, halafu vyote. Nikausukuma mlango kwa bega, nikaanguka kwenye matope kifudifudi, sikuacha kuitikia mpaka adhana ilipokwisha.

Nilipoinua kichwa, yeye bado amekaa kitini, ananitazama kupitia dirishani. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Sauti yangu umeikataa," akasema. "Basi nitakuja na utakayoitikia."

Sikumwona akishuka. Kiti kilikuwa kitupu, na vumbi limekilalia chote.

Nilikimbia nikiifuata ile sauti mpaka msikitini. Watu wa Somanga walikwenda na kamba kulivuta gari, na kibati wakaking'oa kwa patasi wakakitia moto. Lakini jina likishasomwa limesomwa, utalichoma vipi?

Mwezi haukuisha, nikiwa kitandani nasinzia alasiri, mama akaniita kutoka nje, jina langu kamili. Nilifungua mdomo kuitika. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, anashona. Aliruka akanifumba kinywa, na hiyo sauti yake ikaendelea kuita kule nje, kwa mapenzi, kama alivyoniita nikiwa mdogo.

Tukakubaliana siku ile ile. Nikabadilisha jina, hili mnaloniitia sasa. Mama akaapa hataniita tena lile aliloniwekea mwenyewe. Akinitaka, atakohoa au atagonga ukuta. Nikaoa, na miaka yote tuliishi hivyo. Ile sauti ilikuwa ikija, ikija, nami nainamisha kichwa nafanya shughuli zangu.

Halafu mama akaugua, uzee na homa vikachanganyika, akili ikawa inakwenda na kurudi. Siku moja nilikuwa uani natengeneza jiko, mke wangu yuko kisimani. Nikasikia naitwa. Jina lile lile. Sauti ya mama ikaita kwa kusihi, ikaita kwa kulia, ikasema njoo mwanangu nikuone. Nikauma meno, nikaendelea kugonga bati nisisikie.

Mke wangu alirudi, akaingia chumbani kwa mama, akatoka ameshika kanga mdomoni.

"Hukumsikia?" akaniuliza. "Amekata roho amegeukia mlangoni."

Mpaka leo sijui ni nani aliyeniita. Labda ni yule. Labda ni mama, amesahau kiapo, anataka kuniaga.

Kwa hiyo ninyi mnaopenda kuandika majina kwenye magari, andikeni mtakavyo, mimi si baba yenu. Ila la mama yako lisiwepo. Na akikuita huyo mama yako, hata kama una kazi, hata kama anakuita kwa jambo la upuuzi, itika haraka uende.