Kofia ya Mahafali

Mtaani kwetu Kikwajuni wapo wanaosema mimi ndiye niliyemtoa Ubwa chuoni. Waseme. Mimi Saadiya nimeshona kofia za viua miaka thelathini na moja, na sijamtoa mtu popote. Nilimkuta keshatoka.

Nilimkuta Bustani ya Jamhuri, saa nne ya asubuhi, siku niliyokwenda kununua nyuzi dukani kwa Fayaz. Alikuwa amekaa na mkoba wa vitabu, saa ambayo baba yake, Mzee Simai, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliamini mwanawe yuko chuoni Tunguu anasomea kompyuta.

"Shikamoo, Bi Saadiya."

"Marahaba. Leo hakuna masomo?"

Aliniambia bila ya kuzunguka. Mwaka wa kwanza alifeli akarudia, wa pili akafeli tena, akaondolewa. Kila asubuhi alivaa, akaaga, akaja kukaa hapo. Masomo yale alichaguliwa na ami yake, kwa kuwa yana kazi.

"Nlikuwa nakaa darasani nawasikia, lakini kama wanazungumza na mtu aliye nyuma yangu," alisema. "Baba hajui. Nikimwambia atakufa."

"Hafi mtu kwa hilo," nilimjibu, ingawa nilimjua Mzee Simai. Maisha yake yote aliendesha gari la serikali, wenye shahada wamekaa nyuma, na hakukuwa na baraza ambako hakuitaja shahada ya mwanawe.

Daftari lake lilikuwa wazi mapajani. Halikuwa na somo hata moja. Lilijaa maua, mafundo na nondo za madirisha, pambo moja likitokea ndani ya jingine mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kofia ya viua haianzi na sindano. Huanza na mchoraji, anayechora kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, duara la juu na ukanda wa pembeni. Ndipo sisi tunapotoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi, kazi ya miezi miwili au mitatu. Mchoraji wangu, Bwana Mkadam, macho yalikuwa yameanza kumwangusha kwa mtoto wa jicho. Nikamwambia Ubwa aje kesho yake anichoree, kwa kumhurumia yeye na kwa shida zangu mwenyewe.

Nilimpa kipimo cha kichwa cha mteja kwenye kikaratasi. Akachora ukanda wa nyota kumi na mbili, safi, sijapata kuona. Niliushona miezi miwili. Siku ya kuunganisha ncha, nyota ya mwisho ikaingia nusu ndani ya mshono. Alikuwa ameugawa ukanda wote kwa rula bila ya kuuachia mshono nafasi yake. Nilimsema mpaka majirani wa nyuma wakachungulia.

Hakujitetea. Aliukalia ukanda ule mchana kutwa, akiukunja na kuukunjua, kisha akaniuliza: "Bi Saadiya, Bwana Mkadam huanzia wapi?" Hasira zikanitoka. Kijana asiyeitaka kazi angeomba radhi akaenda zake.

Nikampeleka kwa Bwana Mkadam. Mzee akamwambia mambo mawili. Anzia kwenye mshono. Halafu usiamini kikaratasi cha mtu, kamata futi mwenyewe, kwa sababu maua hugawiwa kwa kichwa kile kile kitakachoyavaa. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba yangu: anayechora ndiye anayepima.

Basi kijana akabadilika. Yule aliyekuwa akiburuta miguu kwenda chuo akawa ananigongea mlango wa uani, unaotokea uchochoro asiopita baba yake, sijamaliza chai. Ilibidi nimnyang'anye penseli ndipo ale. Alitoa pambo lake mwenyewe kutoka nondo za dirisha lao, na watu wakaja kutoka Bububu kuliulizia.

"Nshajua nnachokitaka," aliniambia siku moja.

"Na baba yako?"

Akarudi kwenye penseli yake. Mkoba wa vitabu alikuwa bado anaubeba kila asubuhi.

Mwaka ukapita hivyo, mpaka Mzee Simai alipopiga hodi kwangu mwenyewe, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. "Bi Saadiya, nataka kofia mpya. Ubwa anamaliza, na mahafali yao nataka nikae mbele."

Niliona aibu kama mwizi. Nikamwambia aje Jumamosi apimwe kichwa. Alipotoka tu, nikamgeukia Ubwa, aliyekuwa chumba cha ndani na kayasikia yote. "Kichwa cha baba yako utakipima wewe. Ama umwambie, ama usiiguse tena penseli ya nyumba hii."

Jumamosi Mzee Simai alikaa kitini, na mwanawe akatoka na futi shingoni.

"Kumbe na wewe upo?"

"Naam, baba. Mimi ndiye nnayechora."

Mzee alitabasamu, akidhani ni kazi ya mapumziko. Akavua kofia yake ya zamani. Ubwa akamzungushia futi.

"Baba, mahafali hayapo. Nlishindwa. Nshaondolewa chuoni, mwaka wa pili huu."

Mzee Simai akaiondoa futi kichwani mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akavaa kofia yake na kutoka bila ya kuaga. Kipimo hakikusomwa.

Wiki tatu hakusema na mwanawe, wala barazani hakukaa. Ubwa alikuja kila siku, akachora kofia za wengine, na kitambaa cha baba yake hakukigusa. Nilijilaumu. Nilidhani nimeivunja nyumba ya watu kwa sheria zangu.

Jumamosi ya nne nikasikia hodi. Mzee Simai akaingia, akakaa kiti kile kile, akavua kofia.

"Mzee Simai," nilimwambia taratibu, "yale mahafali..."

"Najua. Kwani kichwa nimekiacha Tunguu? Mwite aje amalize kupima."

"Ubwa," niliita.

"Naam."

Akatoka na futi, akasimama. Baba yake hakumtazama usoni.

"Leo usiseme kitu," alimwambia. "Pima tu."

Akainamisha kichwa mbele ya mwanawe, na mimi nikaenda jikoni, nikalia.