Bibi Yangu na Lugha ya Vidoko

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutulia pahala pamoja. Lakini siku hiyo nilizidi. Binti yangu, anayesoma chuo hapa Nizwa, Omani, alikuwa kajilaza sebuleni na simu yake, akaniita, "Mama, hebu njoo uwaone hawa Wasan wa jangwa la Kalahari. Wanaongea kwa kualika ulimi!" Nikainama kutazama. Mzee mmoja alikuwa akisimulia habari za mawindo, na kila baada ya maneno machache ulimi wake ukigonga kaakaa, tok, kama mtu anayezibua chupa. Lugha yenyewe siijui, ila milio ile nimekulia nayo. Nikashindwa kukaa. Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria, nikaifunika, mwisho nikachukua ufunguo wa gari.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Ibra."

"Kuna nini Ibra?"

"Hakuna kitu," nikamjibu, na kweli hakuna. Nyumba yetu ya zamani huko imefungwa. Hata hivyo nilikwenda, na njia nzima nikamuwaza Bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa Msandawe wa Kondoa, huko bara, ambako babu, Mwarabu wa Omani, alikuwa na duka. Wasandawe nao wana vidoko, milio hiyo ya ulimi, katika maneno yao, ingawa Kalahari ni mbali nao kabisa. Babu hakutaka lugha ile isemwe dukani, kwa hiyo hata baba hakujifunza. Babu alipofariki tukahamia Ibra, Omani, mimi bado mdogo, na Bibi akaja na mafurushi ya mlenda mkavu na lugha ambayo nyumba nzima hapakuwa na wa kumjibu.

Omani yote alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, bibi mwengine wa kwao, aliyeolewa Bahla. Kila msimu wa kuvuna tende alikuja kukaa kwetu. Walikuwa wakikaa kando ya falaji, mfereji uliopita nyuma ya nyumba, miguu majini, wakichambua tende, na sisi watoto tukijilaza karibu kuwasikiliza. Kidoko kimoja kilikuwa kama mlio wa kumhimiza punda, kingine laini, kama mtu anasonya. Kwa Kiswahili Bibi alikuwa mpole, mwenye kupima maneno. Kwa lugha yake alikuwa mchekeshaji. Alikuwa akisema kitu, anyamaze, amkazie mwenzake macho, na mwenzake aangue kicheko mpaka tende zimwagike.

Kile kidoko laini ndicho kilicholeta balaa. Jirani yetu, mama wa Kiunguja aliyejua kutengeneza halua, alitujia asubuhi moja na sahani mkononi. Bibi alikuwa mlangoni akichambua majani na kujisemea peke yake. Jirani akasimama, akageuka na sahani yake. Jioni akamwambia mama, "Mkweo kanisonya. Nimemletea halua, kanisonya usoni!" Mama alieleza, akaapa, wapi. Salamu zikakatika.

Baba akamwambia Bibi kwa adabu, "Mama, hapa watu hawatuelewi. Tusemeni Kiswahili tu, tafadhali."

"Sawa, mwanangu," Bibi akasema.

Akanyamaza kweli. Lakini hakutulia tena. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaosha masufuria safi, akawa anakwenda mlangoni na kurudi kama anayemngoja mgeni. Nyumba ikatuchosha sote.

Kisha zikaja habari kwamba yule bibi wa Bahla yu mgonjwa sana. Baba akasema tutakwenda Ijumaa, inshallah. Bibi hakungoja Ijumaa. Alijitanda kanga, akaenda kukaa ndani ya gari, mkoba mapajani, jua linawaka. Baba alimwona kupitia dirishani, akachukua ufunguo. Nami nikapanda nyuma.

Bahla tuliwakuta wanawe wamesimama wameduwaa. Mama yao alikuwa akisema bila kukoma, akiwaomba kitu, na hawakumfahamu. Kiswahili kilikuwa kimemtoka, Kiarabu kimemtoka, imebaki lugha ya utotoni. "Khala, mama mdogo," binti yake akamwambia Bibi huku analia, "tangu juzi anatuomba, na hatujui anaomba nini."

Bibi akakaa kitandani, akasikiliza, akajibu kwa vidoko vyake. Mgonjwa akamshika mkono kwa nguvu.

"Anasema miguu yake ina baridi," Bibi akatwambia.

Basi. Tangu juzi, miguu tu. Wakakimbilia mablanketi. Baba alikuwa kasimama kizingitini, na sijapata kumwona na uso ule wa majuto. Tuliporudi Ibra alikwenda mwenyewe kwa jirani kumweleza lugha ya mama yake, na Bibi hakuambiwa tena anyamaze. Lakini mwenzake hakukaa siku nyingi, akafa, na Bibi hakuwa na wa kusema naye.

Miaka ikapita, ikaja zamu ya Bibi kuugua. Kiswahili kikamtoka kama kilivyomtoka mwenzake. Asubuhi moja, sote tumemzunguka, alisimulia kitu kirefu, vidoko vinapishana, mkono unachora hewani. Kisha akanyamaza, akatukazia macho, akingoja. Baba ndiye aliyetangulia kucheka, kicheko cha nguvu, machozi yanamchirizika, nasi tukamfuata. Bibi akaridhika, akafumba macho.

Nilipofika Ibra niliukuta mlango umeota kutu. Nyuma ya nyumba falaji imekauka. Wasandawe wapo, najua, huko Kondoa wanasema na kutaniana mpaka leo. Bibi nilimlilia na nikamaliza. Kinachoninyima utulivu ni kile kisa chake cha mwisho, kilimhusu nani, kilitokea wapi, na palikuwa na nini cha kuchekesha. Tulikisikia sote mpaka mwisho, tukakicheka, na hakuna hata mmoja wetu anayekijua.