Upepeo wa rangi za upinde wa mvua

Jamani, leo uwanja wa ndege Dubai nusura nizimie!

Nimerudi na madam, bosi wangu ninayemfanyia kazi za ndani, kutoka Ulaya. Kule tulienda kutazama maandamano ya wapenzi wa jinsia moja. Joto kali! Kijana mmoja akaniona navuja jasho, akanipa upepeo wa rangi zao za upinde wa mvua.

Nikamshuku. Anataka nini huyu? Nikakumbatia mkoba wangu.

Leo askari wa forodha akautoa ule upepeo begini, na huku rangi hizo ni marufuku.

"Hii ya nini?"

"Ya joto, sir."

Nikajiona nimeshafukuzwa kazi, nimerudishwa kwetu Tanga.

Akajipepea mara mbili, akanirudishia. "Yalla, mama, nenda."

Alijua ni rangi za nani? Wallahi hata yeye namshuku.

Sasa nimejifungia chumbani, najipepea. Kumbe yule kijana alitaka nipoe tu. Mungu amlipe.

Nyie mngeutupa?