Kanda ya Sita ya Guray

Walisema sitaweza. Walilisema mbele yangu, vikombe vya chai ya maziwa mikononi, katika duka la kanda la mjomba wangu Dahir, lililonukia plastiki iliyopata joto, vumbi la soko la mifugo na ubani uliochomwa kila asubuhi ili kushindana na harufu ya mbuzi. "Huyu? Mbuzi watatu tu walimshinda, wakafika nyumbani kabla yake," alisema dereva mmoja wa lori, na duka zima likacheka. Mjomba, badala ya kunitetea, alitikisa kichwa. "Abti, hizo kanda saba watu wazima wamezitafuta wakachoka." Kwetu mjomba humwita mpwa wake abti, jina lile lile analoitwa yeye, kama vile mama anavyomwita mwanawe hooyo, yaani mama. Kwa hiyo hata nilipodharauliwa, nilidharauliwa kwa upendo. Leo stashahada yangu ya ufundi wa sauti imetundikwa ukutani mwa studio yangu, hapa hapa Garissa, baada ya miaka mingi ya kutafuta ugenini, na hakuna aliyenibeba mgongoni kuifikia. Waliocheka siku ile baadhi yao huleta wajukuu wao kwangu kujifunza kazi. Lakini ufundi wangu ulianza mwaka ule wa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na miwili, na karibu uishe hapo hapo.

Mwenye kanda hizo alikuwa mzee tuliyemwita Guray, maana yake mtu wa mkono wa kushoto, kwa kuwa alipiga udi, ala ya nyuzi kama gambusi, kwa mkono huo. Alikuwa ametunga na kuimba tangu ujanani, na sauti yake ilijulikana hadi vituo vya maji vya Mandera. Vita vilipomkuta kwao Somalia alivuka mpaka upande wa Hulugho akiwa na udi na koti, kanda zake zote akaziacha kabatini. Sasa binti yake aliyekuwa ng'ambo alikuwa amempatia safari. Wiki nne mbele, siku ya Ijumaa, basi la Nairobi lingemchukua. Alikuja dukani kuuliza kama tulikuwa na kanda yake hata moja. Hatukuwa nayo. Hakulalamika. Alisema tu, "Basi nitafika nchi ya watu nikiwa sina ushahidi kwamba niliwahi kuimba." Hapo ndipo nilipousikia mdomo wangu ukisema kwamba nitazikusanya zote saba, nimnakilie, aondoke nazo. Ndipo kikafuata kicheko.

Bandu bandu huisha gogo. Kanda ya kwanza nilimkuta nayo mama muuza maziwa, ya pili dereva mwingine aliyetoka Takaba, ya tatu mwalimu mmoja, ya nne mchungaji wa Ijara aliyekuja kuuza ng'ombe, akiwa ameifunga kwa kamba ya ngozi kama hirizi. Kila mmoja alinikazia macho kabla ya kuiachia. "Wewe ni mwana wa Halima, sivyo? Basi hii ni amana." Jina la mama yangu ndilo lililokuwa dhamana, na hilo lilinizidi uzito kuliko fedha yoyote. Niliwaahidi wote siku moja ya kurudisha, ile Ijumaa ya safari, kwa sababu Guray alitaka kusikiliza kanda zenyewe kabla hajachukua nakala.

Tulizisikiliza alasiri, mimi na yeye, nyuma ya duka, nikizirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Katika ya kwanza alikuwa kijana anayeimba kwa nguvu zote, kama anayemwita ngamia aliye ng'ambo ya bonde. Ya pili ilikuwa na ngoma na tarumbeta. Alicheka, akasema walimvalisha suti siku hiyo na viatu vilimbana, na kweli, ukisikiliza vizuri, anaharakisha kila wimbo afike mwisho. Ya tatu ilikuwa ya harusi tupu. Ya nne aliimba polepole mno, akivuta pumzi katikati ya maneno. Nilipomwuliza, alisema, "Mke wangu alikuwa amekufa miezi miwili." Ya tano ilirekodiwa chumbani, milango imefungwa, wakati ambao nyimbo zake zilikuwa zimekatazwa, mtu anakohoa, mlango unagongwa, udi unanyamaza, kisha unaendelea. Ya saba, iliyopatikana kabla ya sita, ilikuwa na sauti iliyochanika kama shuka kuukuu. Nilikuwa nimemsikia mtu akizeeka katika muda wa siku kumi. Mpaka leo wanaosoma kwangu nawaambia: usisikilize wimbo mmoja wa mtunzi ukadhani umemjua.

Ya sita ilikuwa kwa Eedo Khadija, mjane tuliyemwita shangazi kwa heshima tu, na yeye alikataa mara tatu. Sababu ilikuwa desturi yetu ya miaka ile: barua hatukuandika, tulizisema. Mtu wa mbali alichukua kanda yoyote aliyokuwa nayo, na baada ya wimbo wa mwisho, pale palipobaki patupu, akarekodi salamu kwa mama yake. Abdi, mwanawe wa pekee, alikuwa amemtumia kanda ile kutoka Jeddah. Baadaye gari lilimuua huko huko, akazikwa huko huko. Sauti ile ndiyo iliyobaki. Mara ya nne nilikwenda na Guray mwenyewe. Eedo alimtazama mzee, akaitoa kanda ndani ya kitambaa, akanipa mimi, si yeye. "Ikiharibika hii," alisema, "usije kunisalimia tena."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu hakuna mgema wala tembo, lakini sifa zilikuwepo, na nilizinywa. Wale waliocheka walikuwa wameanza kuniita fundi. Sheria ya duka ilikuwa moja: kanda ya mtu ikifika, kwanza vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili kitufe chekundu cha kurekodi kisishuke, isije ikafutwa. Fundi hakuvivunja. Mashine yetu ilikuwa na milango miwili, wa kushoto wa kucheza, wa kulia wa kurekodi. Wimbo wa mwisho ulipokuwa ukiishia, kanda yangu tupu ilijaa upande mmoja. Nilizitoa zote mbili, nikaigeuza yangu huku nikimjibu dereva mzaha wake, nikazirudisha, nikabonyeza. Sindano ya kupimia sauti ilikuwa imelala. Niliitazama kwa muda wa pumzi nne au tano kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nimezipishana, ya Eedo ikawa kwenye mlango wa kurekodi. Nilipocheza, mlio wa mwisho wa udi haukuwepo, salamu haikuwepo, kimya kitupu, kisha sauti ya kijana, katikati ya maneno: "...na koti ulilonishonea limenitosha."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Mwambie Eedo joto limeila," alinong'ona. "Abti, nani asiyejua joto la Garissa? Ataamini." Angeamini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwa siku mbili niliikwepa njia ya kwa Eedo. Alhamisi Guray alisikiliza nakala ya kanda ya sita, akainua kidole. "Udi wangu haumalizi hivi." Nikamwambia yote, nikilia. Hakunigombeza. "Sita utazirudisha kwa mkono," alisema. "Hii utairudisha kwa mdomo. Mficha uchi hazai, adeer," akaniita hivyo kama ami anavyomwita mwana wa nduguye.

Ijumaa asubuhi nilizirudisha zile sita nyingine kabla jua halijawa kali. Kwa Eedo Khadija nilisimama mlangoni, nikasema kabla hajanikaribisha, kabla hajaigusa redio kaseti yake. Niliyasema bila kupunguza: sikuvunja vijino, nilikuwa nikijigamba, salamu ya Abdi imefutika. Maziwa yalifurika jikoni, yakamwagika motoni, na hakugeuka. Akakaa. Akaiweka kanda redioni, akasikiliza kile kimya mpaka mwisho, akairudisha mwanzo wa kimya.

"Unajua kuizima mahali pake?"

"Najua, Eedo."

"Ulijua na juzi." Akaivuta redio karibu na mdomo. "Bonyeza hicho chekundu. Ukiligusa lile koti, wallahi, mimi na wewe basi."

Nilibonyeza, kidole kingine kikiwa juu ya kitufe cha kuzima, jasho likiingia machoni, nikihesabu pumzi. Naye akasema, bila kusita, kwa mwendo wa kijana mwenye haraka: "Hooyo, assalamu alaykum. Ni mimi, Abdi. Nimefika salama, nimekula, nimeshiba..." Nikazima. Alirudisha nyuma, akacheza. Sauti ya mama ilisalimu, kisha sauti ya mwana ikaendelea kuhusu koti, na hapakuwa na neno lililopotea. Akachukua kisu cha jikoni, akavivunja vijino mwenyewe, kimoja, kisha cha pili. "Nenda kamsindikize mzee wako," alisema, na ilipofika Idi nilikwenda kumsalimia, akaitikia.

Juzi mjukuu wa dada yake Eedo aliileta kanda ile studioni kwangu niihamishie kwenye kompyuta. Nina mashine leo ambazo duka la mjomba lisingeziota; naondoa mvumo, vumbi na miaka. Kati ya sauti ya mama na ya mwana kuna mlio mdogo, tak, pale kidole changu kilipozima. Naweza kuuondoa kwa mbofyo mmoja. Niliuacha. Vijana wanaosoma kwangu walishangaa, fundi gani anaacha kasoro, nami, mtu ninayependa sana kujieleza, sikuwaeleza. Nilikumbuka tu nilivyopita dukani siku ile nikikimbilia kituo cha basi, mikono mitupu, nakala zote saba zikiwa tayari kwa Guray, na yule dereva akaniita: "Waryaa, fundi! Umezirudisha zote?" Nikasema, "Zote," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza neno.