Pelagia na Maksai wa Mzee Malimi

Pelagia Nkinda aliendesha lori la pamba kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama ziwani. Akitoka Bariadi alipita Lamadi, maji yakimeta upande wa kulia, naye akikaza mguu kwa sababu marobota yalisubiriwa Mwanza.

Alipostaafu akajipatia gari kuukuu lililowahi kubeba wagonjwa. Ndani akaweka kitanda, jiko la gesi, pazia la maua na ndoo ya maji yenye bomba. Kitanda alikipigilia mwenyewe, na asikudanganye mtu kwamba kuna fundi aliyemsaidia. Kisha akatangaza kwamba atazunguka kandokando ya ziwa, polepole, na shoga yake Generoza, aliyekuwa mpima pamba wa chama cha msingi cha ushirika, pamoja na mbwa wake aitwaye Utingo.

Mtaa mzima ulishika kiuno. Mtu wa Bariadi akifunga safari, basi kuna msiba, harusi, mnada au mgonjwa. Safari ya kwenda kutazama maji haikuwa na jina. Mwanawe mkubwa, Danford, aliyekuwa akilimezea mate gari hilo ili abebee nyanya, alisema waziwazi kwamba mama anamwaibisha. Wakapatana mbele ya mjomba: gari likivutwa njiani hata mara moja, funguo ni za Danford. Pelagia alikubali kabla mjomba hajamaliza kusema.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Walitembea kilomita chache, wakapumzika nusu siku. Walikula sato ufukweni, Generoza akalowesha miguu ziwani akicheka peke yake, na Utingo akayabwekea mawimbi mpaka akachoka.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, walifika kijiji kimoja cha wavuvi kabla ya Nyashimo. Pelagia akataka kuegesha karibu zaidi na maji. Tamaa hiyo ilimponza, maana gari lilizama mchangani hadi kwenye ekseli.

Wanakijiji waliliona gari lenye msalaba mwekundu uliofifia chini ya rangi mpya. Wakachungulia penye pazia, wakamwona Generoza amelala chali, khanga usoni, kwani huyo akishiba hulala popote. Hawakuuliza swali. Wanawake walianza kusikitika kwa sauti ya chini, na mzee Malimi, mwenye ng'ombe wa plau, akaja mbio na maksai wanne na mnyororo mrefu.

"Mwadila, mayu," akamsalimu Pelagia kwa Kisukuma, kwa heshima. "Tunawatoa sasa hivi. Mgonjwa asije akatuishia hapa."

Pelagia aliutazama mnyororo. Danford alikuwa mbali, nani angemwambia? Wazo hilo lilimtia aibu hapohapo. Akashukuru, akakataa. Malimi akapandisha hasira, akauliza ni mwanamke gani huyu anayekataa ng'ombe na huku mtu anakata roho. Ikabidi aseme.

"Hakuna mgonjwa, baba. Tumekuja kutembea tu. Gari hili likivutwa, nanyang'anywa."

Wakati huohuo Generoza akaamka, akauliza kama chai iko tayari. Wengine walisonya, wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Malimi hakucheka. Aliwafungua maksai nira, akaketi mchangani aone mwisho wake.

Pelagia akashika jembe. Mtu aliyenasua lori la pamba kwenye udongo mweusi wa Maswa, mvua ikinyesha, hawezi kuogopa mchanga. Alipunguza upepo kwenye matairi, akafukua mbele ya kila gurudumu, akatandika matete. Alikataa hata kusukumwa, ingawa mapatano hayakutaja kusukumwa. Magoti yalimuuma, miaka sitini na minne si mchezo. Mara ya kwanza gari likatitia tena. Akaongeza matete, akakanyaga mafuta taratibu, na gari likajikokota mpaka kwenye nyasi.

Vigelegele vikapigwa. Pelagia alijiona mkubwa na wala hakuficha. Alishuka, akalizunguka gari lote akilipigapiga ubavuni kama mtu anayekagua dume la mnadani.

Ndipo akampigia Danford, akamweleza yote, pamoja na habari za maksai. Danford hakuamini kwamba hawakutumika. Malimi akaomba simu.

"Mimi ndiye mwenye ng'ombe," alisema. "Wanarudi nyumbani hawajafanya kazi. Hizo funguo zisahau, mwanangu."

Danford akaomba azungumze na mama yake. Akamwuliza atarudi lini. Pelagia akamjibu kwamba bado hajaamua.