Barabara ya Moto Niliyoihesabu Mara Mbili

Jumla ya hasara ilikuwa hii: mibuni mia mbili na kumi na mmoja, mizinga ya nyuki mitatu, faini ya kijiji shilingi elfu hamsini, na shemeji mmoja. Nimehesabu tena, ni hivyohivyo. Shemeji yupo, anakula na kulala vizuri, lakini mimi namweka kwenye hasara.

Miaka ile nilikuwa Tunduma, nikibadilisha kwacha na shilingi pale mpakani. Kazi ile haikuachii imani nyingi. Noti nilizihesabu mbele ya mteja, nikazigeuza, nikaanza upya. Hata mama akinitumia mahindi kutoka Iyula, nilihesabu madebe.

Mibuni aliiacha baba. Mama ndiye aliyeitunza, na ndiyo iliyomlisha, hasa wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani zao. Katikati ya mibuni hiyo liliingia shamba la mahindi la shemeji, mume wa dada yangu. Ukisimama ndani yake, una kahawa yetu kushoto na kahawa yetu kulia.

Kijiji kilikuwa na sheria ndogo ya moto. Ukitaka kuchoma shamba kabla ya mvua, unalima barabara ya moto kila upande: hatua sita za udongo mtupu, bila jani. Jirani anaikagua na kuweka sahihi kwenye fomu, ndipo mtendaji wa kijiji anatoa kibali. Moto ukitoroka, faini ni ya wawili, aliyechoma na aliyesaini. Mama hajui kuandika, kwa hiyo jirani nikawa mimi.

Nilipofika, shemeji alinipokea kwa chai na viazi vitamu, akaniita bosi. Tukaenda kukagua. Mibuni ikiwa mkono wa kushoto, nilipima hatua sita, nikarudia, sita. Udongo mwekundu, safi kama uwanja wa kanisa. Tukashuka kijitoni, tukazunguka kwenye matete yaliyotupita urefu, yeye akiniuliza kama kwacha itapanda au itashuka. Nikawa napiga hesabu kichwani. Tulipotokeza, mibuni ilikuwa mkono wa kulia. Nikapima, sita. Nikarudia, sita. Nikasaini.

Siku ya tatu kondakta wa basi aliniletea ujumbe wa mama: moto umepita kwenye kahawa.

Nilikwenda peke yangu kuangalia. Upande wa pili haukuwa umeguswa na jembe. Chini ya majivu yalibaki mashina ya nyasi, mazito, ya miaka. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amenirudisha kwenye barabara ileile, tukaingilia mwisho wa pili. Aliokoa hela ya vibarua wa upande mmoja.

Kwa mtendaji nilieleza yote. Shemeji akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Jamani, huyu mnamjua, ni mtu wa kuhesabu. Barabara alipima mwenyewe, mara mbilimbili, sikumshika mguu. Kama haikuwepo, alisaini nini?"

Watu walicheka. Angekuwa mwingine, ningecheka na mimi. Kilichoniuma si kicheko. Alikuwa amenisoma muda mrefu, akajua tabia yangu inaishia wapi, akapitia hapohapo. Matapeli wa mpakani walinijaribu miaka minane bila kuligundua hilo. Yeye ameoa kwetu.

Mama hakumlaumu mtu. Aliazima msumeno, akakata mibuni yote usawa wa goti, akasema itachipua. Ikachipua. Mwaka uliofuata machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni, machanga, ambayo hata moto mdogo ungeyaua.

Ndipo dada akaja Tunduma na fomu mpya ndani ya kitenge.

"Kaka, usiponiwekea sahihi, kibali hakuna. Na yule unamjua, atachoma hivyohivyo kwa kujificha. Watoto wanataka kula."

Nilimwambia nitakwenda kupima pande zote, hata nikeshe. Akasema pande zote hazijalimwa, na hela ya vibarua hawana. Anachotaka ni sahihi tu, moto wataulinda wenyewe kwa matawi.

Sikusaini, sikukataa. Nilipanda naye basi hadi Iyula, nikamkuta mama anapalilia, nikamsomea fomu yote pamoja na maandishi madogo ya chini. Alisikiliza bila kuacha jembe.

"Mama," nikamwambia, "kahawa ni yako, na mtoto huyu ni wako. Niambie wewe. Niweke sahihi, au nisiweke?"