Nilimfundisha rafiki yangu mediani vibaya, akakosa chuo

Admin, usiweke jina langu wala la chuo, maana watu wa Njombe wanaofuata ukurasa huu ni wengi na wengine nimekaa nao meza moja. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nasoma cheti cha ugavi Makambako. Kabla ya hapo nilikuwa nachambua maparachichi kwenye banda la kufungashia, Njombe mjini. Haya nimeyaandika mara tatu nikayafuta. Leo natuma hivi hivi, mkitaka kunitukana nitukaneni.

Pale bandani nilikuwa na rafiki, nimwite Oliva. Nimemzidi miaka mitatu ndiyo maana ananiita dada. Ana binti mmoja wa darasa la pili, baba wa mtoto alishaenda zake. Tuliamua kuomba chuo pamoja. Chuo kikasema kila mwombaji afanye kwanza mtihani wa hesabu, nao ulikuwa wa takwimu za kawaida tu: wastani, modi, mediani na mambo ya namna hiyo. Ukifaulu unaanza cheti moja kwa moja, ukifeli unaanza na mwaka mzima wa maandalizi. Kwa Oliva mwaka huo wa ziada haukuwezekana, kwa sababu mama yake aliyeko Ipelele, ambaye miguu inamsumbua, alikubali kukaa na mjukuu mwaka mmoja tu. Wa pili alisema hatauweza.

Kidato cha nne mimi nilipata D ya hesabu, Oliva F. Basi hiyo D ikanipa uprofesa. Kila mchana tukishakula tulichukua maparachichi tisa mezani, tukayapima kwenye mizani ndogo na kuandika gramu zake kwenye daftari. Sasa kwenye ile meza maparachichi hupangwa kwa ukubwa, madogo huku, makubwa kule, ndiyo kazi yenyewe. Ukiyachukua kwa mstari, namba zinakuja zimeshajipanga. Nikamfundisha kwamba mediani ni ile ya katikati, hesabu nne huku, nne kule, basi. Ukitaka tofauti ya kubwa na ndogo, chukua ya mwisho utoe ya kwanza. Hatukukosea jibu hata siku moja. Nilikuwa na kitabu nyumbani lakini sikukifungua, nilijiona najua. Miezi miwili niliitwa mwalimu, na niseme ukweli, nilikuwa napenda.

Asubuhi ya mtihani tulikaa barazani pale chuoni na waombaji wengine, baridi kali. Oliva alishawatangazia wote kwamba mimi ndiye mwalimu wake. Nikasogea kidogo pembeni, nikamsikia binti mmoja wa Ludewa anajisomea daftari lake kwa sauti: kabla ya kutafuta mediani, panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Nilielewa pale pale kwamba sisi hatukuwahi kupanga chochote, meza ilikuwa inatupangia.

Tulibaki na kama dakika kumi hivi. Oliva alikuwa hatua sita kutoka nilipo. Ningemwambia sentensi moja tu ingetosha. Lakini ningeisema mbele ya watu wale wale waliosikia mimi ni mwalimu, na nikaona haya. Nikajidanganya kwamba nikimwambia sasa hivi nitamchanganya, na kwamba akiona namba zimevurugika atashtuka mwenyewe. Tukaitwa, nikaingia bila kumwambia.

Namba zilikuja zimevurugika kweli. Mimi nikapanga kwanza, nikajibu. Nilipoinua macho, Oliva aliniangalia akanionyesha dole gumba. Alimaliza mapema kuliko karibu wote. Nje akanishika mkono akasema, "Dada, ilikuwa rahisi hivi? Nimechukua za katikati tu, fasta fasta."

Majibu yalipobandikwa, mimi nilikuwemo, yeye amepungukiwa alama tatu. Maswali ya mediani na ya kubwa kutoa ndogo yalikuwa mengi kuliko hizo alama tatu. Hakulia mbele yangu. Aliwaambia wenzetu bandani kwamba mwalimu alifundisha vizuri, ila yeye ndiye mzito. Siku nahamia Makambako alinisindikiza akanipa sweta alilofuma mwenyewe, eti nisome nisiumwe kifua. Ninalivaa darasani. Walimu wananisifu kwenye takwimu, na kila wakinisifu natamani kutoka nje.

Wiki iliyopita nilikwenda Njombe nimejipanga kusema yote. Nikamkuta kwake na mtoto. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akanibandikia chai. Mtoto alikuwa amekwama kwenye hesabu za kujumlisha, akaniletea daftari. Nikainama nimwelekeze. Oliva akasema kutoka jikoni, tena kwa upole kabisa, "Muache dada, usijichoshe. Huyo kachukua kichwa changu, hesabu hatuziwezi sisi." Mtoto hakubisha. Alichukua daftari lake mkononi mwangu, akalifunga, akaenda kucheza.

Nilikunywa chai nikaaga.

Sasa ndugu zangu, nikimwambia, nafasi yake hairudi. Bibi wa Ipelele ameshasema msimu ujao hataweza hata huo mwaka mmoja. Nitakuwa nimeutua mzigo wangu kwake, na rafiki nitampoteza. Nisipomwambia, ataendelea kuamini ni mjinga, na mtoto ameshaanza kuamini naye. Msiniambie niombe msamaha kwa Mungu, nimeshaomba, na Mungu siye aliyekosa alama tatu. Mwenye la kunishauri anishauri: namwambiaje Oliva, na nikishamwambia, nampa nini?